Somo Nililompa Lusweti

Jumatatu, 2 Machi 1981

Nimepata habari tamu na sijamwambia mtu. Kampuni ya Mwendo Salama, kule Industrial Area, inatafuta dereva wa trela, safari za Mombasa. Nafasi moja tu. Mtihani Jumamosi asubuhi. Nimerudi nyumbani Shauri Moyo kwa haraka, uso nimeukunja makusudi, mtu asije akaniona na furaha akauliza. Hasa Lusweti.

Lusweti ni mpangaji wetu wa chumba cha pili. Katoka Bungoma mwaka jana. Ana leseni ya magari makubwa, kama yangu. Humwamkia mama yangu kwa mikono miwili, humchotea maji bila kutumwa. Mama humwita "mwanangu". Mimi aliyenizaa huniita "wewe Muhidin".

Kazi hii lazima niipate. Mjomba Abdurahim, mwenye bucha soko la Burma, kamwambia Mama kwamba wiki hii ikiisha bila kazi, Jumatatu naanza kwake kuosha matumbo. Mama kakubali bila hata kuniuliza. Mimi na leseni yangu, nioshe matumbo ya ng'ombe! Heri nihame nchi.

Jumanne, 3 Machi

Nimemweleza Mama yote, nikamwomba aniombee dua ya Jumamosi. Kaomba. Halafu kaenda bombani akamweleza Lusweti kila kitu, mahali, siku, saa, mpaka basi la kupanda. Nilipomuuliza kwa nini, kasema riziki ni ya Mungu na Lusweti naye ana mama yake huko kwao anayemtegemea.

Nina wivu. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Lusweti kaja jioni kunishukuru kwa habari. Kadhani nilimtuma Mama. Nikamwambia asijali, sisi ni ndugu.

Jumatano, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Leo Lusweti kanivuta kando, karibu na kamba ya nguo, akaniuliza kwa aibu kama naweza kumfundisha kitu. Kasema huko kwao aliendesha lori dogo la mahindi, lakini trela hajawahi kuigusa. Kasikia msimamizi wa pale, Njogu, huwapima watu kwa kurudi nyuma. Trela lazima iingie katikati ya mapipa mawili. Ukigusa pipa, unakwenda nyumbani.

Kaniuliza mimi kwa sababu mtaa mzima unajua niliwahi kuendesha trela hadi Malaba, mpakani. Mtaa unajua kwa kuwa niliwaambia. Ukweli ni kwamba nimeendesha pikapu ya Mjomba, na lori la shule ya udereva nikizunguka nalo uwanjani. Lakini kurudi nyuma ni kurudi nyuma. Gari ni gari.

Hapo hapo akili ikafunguka. Nikamshika bega. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama ninayetoa siri ya ukoo, kwamba trela ina mambo yake. Ukitaka mkia uende kulia, unazungusha usukani kushoto. Ukitaka uende kushoto, unazungusha kulia. Kinyume kabisa. Kaniangalia kwa macho makubwa. Kauliza kama nina hakika. Nikaapa.

Nimecheka mpaka nikauma mto.

Ijumaa, 6 Machi

Tangu juzi Lusweti yuko bombani na kifuniko cha sufuria mkononi, anakizungusha kama usukani, midomo inacheza. Kulia, kushoto. Kushoto, kulia. Watoto wanamfuata wakimwigiza. Leo alipotoka kwenye kibarua chake cha kubeba saruji, kachoka na vumbi hadi kwenye nyusi, bado akawa anajifundisha. Nikaanza kumwonea huruma. Kweli kabisa. Nikasimama mlangoni nikafikiri nimwite nimwambie ukweli, potelea mbali.

Usiku Mama kapika kuku. Paja ni langu tangu niote meno. Leo kampa Lusweti, ati mtu wa kazi nzito ale. Mimi kanipa shingo.

Huruma imekwisha.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeamka kabla ya adhana niwe wa kwanza langoni. Nikamkuta Lusweti kashafika. Kaniwekea nafasi kwenye foleni, kaniletea na mkate ndani ya gazeti. Nimeula kwa hasira.

Njogu ni mtu mfupi mwenye tumbo na hasemi maneno mengi. Kaonyesha mapipa, kaonyesha trela, kakaa kwenye kiti chake na chupa yake ya chai. Watu wengi wakashindwa. Kisha ikafika zamu ya Lusweti. Alipopanda kanipungia mkono. Nikageuza uso nitazame ukuta, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutabasamu na si vizuri watu kukuona. Nikangoja kishindo cha pipa.

Sikusikia kishindo. Nikasikia makofi. Nilipogeuka, trela ilikuwa imeingia katikati ya mapipa taratibu, kama mkono kwenye mkono wa kanzu.

Nikajua mara moja kilichotokea. Hofu ilimshika, akasahau yote niliyomfundisha, akazungusha usukani sawasawa kama mtu yeyote mwenye akili. Bahati ya mjinga!

Zamu yangu. Nilitaka mkia uende kulia, nikazungusha kulia. Ukaenda kushoto. Nikazungusha kulia zaidi. Ukazidi kushoto. Nikauzungusha usukani mpaka ukagoma. Trela ikajikunja, pipa la kwanza likaanguka, likaviringika. Njogu akaruka. Kiti hakikuruka, wala chupa ya chai.

Lile lori lina kasoro. Nitasema hivyo mpaka kufa.

Njogu kaniuliza ni nani aliyenipa leseni. Kabla sijajibu, Lusweti kajitokeza mbele ya watu wote, anang'aa, akasema wasinicheke, kwani mimi ndiye mwalimu wake, kila alichofanya leo nimemfundisha mimi. Watu wakacheka vizuri zaidi. Njogu kasema basi ni ajabu, mwalimu kagawa akili yote asijibakizie hata kidogo.

Kazi kapewa Lusweti.

Jumapili, 8 Machi

Lusweti kamweleza Mama jinsi nilivyomfundisha. Mama kalia. Kanikumbatia mbele ya majirani, kasema hakujua kumbe amezaa mtoto mwenye moyo safi namna hii, mtu anayempa mwenzake njia na yeye akabaki. Jirani yetu Asenath kasema hata kanisani kwao hajaona mfano wake.

Nimeinamisha kichwa, nikasema sisi ni ndugu.

Nilidhani moyo safi utanisaidia kwa Mjomba. Mama kasema la, ahadi ni ahadi.

Jumatatu, 9 Machi

Matumbo. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 12 Machi

Lusweti karudi kutoka Mombasa. Kofia mpya. Kamletea Mama korosho na kanga, Mama kaivaa hapo hapo na kuzunguka nayo ua mzima. Mimi nilikuwa nimetoka Burma. Hata sabuni ya mche haiondoi ile harufu. Mama kaniambia nile nje.

Kisha Lusweti kaja kukaa nami kibarazani. Kasema dereva mmoja kaacha kazi ghafla, na yeye kamsihi Njogu anijaribu tena Jumamosi hii. Njogu kakubali kwa shingo upande, lakini kasema nikiangusha pipa tena nisionekane karibu na lango lake maisha yangu yote. Mjomba naye kasikia. Kasema nikishindwa nitakuwa mtu wa matumbo moja kwa moja, na buti zangu mwenyewe za bucha ataninunulia.

Lusweti kanisogelea, akanishika bega. Kasema Jumamosi ile huenda nilibabaika tu, nikasahau. Kanikumbusha pole pole: trela ikirudi nyuma, ukitaka mkia kulia, usukani kushoto. Kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Nikamtazama usoni. Hana hata haya! Kumbe kagundua nilimdanganya, sasa ananirudishia uongo wangu, tena na korosho juu yake. Wivu ni kitu kibaya sana. Mtu kashapata kazi, kashapata kofia, bado hataki mwenzake apate.

Nikamshukuru. Nikamwambia nimesikia. Nikaingia ndani nikajifungia mlango.

Mimi si mjinga. Jumamosi nikitaka mkia uende kulia, nitazungusha kulia. Na safari hii sitaogopa, nitauzungusha kwa nguvu tangu mwanzo.