Hamdan Anaomba Sheria, Sisi Tunajibu

Yebaba we, redio ilitangaza asubuhi na kahawa ikatupalia kooni, hapa kwenye kibanda cha mama Kulthum, Rumonge: shule moja ya kulipa inayofundisha sheria, huko Bujumbura, haitaangalia tena pointi peke yake. Kila anayeomba kuingia atapimwa kwa mudomo, na walio mbali watapimwa kwa simu.

"Kwa mudomo?" Darwesh akaruka. Huyo tunamuita Bunge, maana kikao chake hakifungwi. "Basi kibanda hiki chote tayari iko na diplome!"

"Uongo!" akasema Venanti, muuza samaki. Jina lake hapa ni Rufaa, hakuna neno ambalo hajalipinga. "Shule ya kulipa inapima mufuko. Minerivali, ile pesa ya masomo, ikiingia, hata mbuzi yangu atavaa joho."

"Kweli kabisa," nikasema. Mimi wananiita Bendera. Sijui kwa nini.

Darwesh akanigeukia. "Wakili anazaliwa, Bendera, hanunuliwi!"

"Hilo nalo kweli."

Hapo akaingia Hamdan wa mawese, karuvati shingoni, jasho usoni.

"Wazee wangu, nawaomba. Watanipigia sasa hivi. Nyumbani rezo ya simu hakuna, iko hapa kwa mama Kulthum tu. Na sikio ya simu imekufa, inaongea kwa haut-parleur peke yake, kila mutu anasikia. Kaka yangu amesema nikikosa leo, nirudi kwenye mapipa ya mawese na nisimutajie tena mambo ya sheria. Munyamaze kidogo tu, basi."

Tukaapa. Darwesh aliapa kwa Kiarabu, akarudia kwa Kirundi. Venanti akajiziba mudomo kwa mukono. Simu ikalia.

"Amahoro, Hamdan," sauti ya madamu wa ile shule ikajaa kibanda. "Tutaongea Kiswahili, wateja wako hawatakuja na Kifaransa. Sikiliza. Mama mumoja wa Gitaza ameanika ndagala kwenye muchanga ya jirani, hakuomba. Bata za jirani zimekula zote. Nani anamulipa nani?"

Hamdan akavuta pumzi. Sasa, jamani, unawauliza watu wa Rumonge, watu wa ziwa, habari ya ndagala, hawa samaki wetu wadogo, halafu unategemea wanyamaze?

"Jirani alipe!" Darwesh akalipuka. "Bata ni zake!"

"Alipe nini?" Venanti akasimama, kikombe kikamwagika. "Bata zilikuwa nyumbani kwao!"

"Kweli," nikasema.

"Bendera!" Darwesh akanikazia macho. "Bata anaweza kuwa na haki?"

"Hapo sasa hana."

"Mimi nilianika Gitaza kabla wewe hujaota ndevu!" Venanti akamurukia Darwesh.

"Ulianika? Ulikuwa unalala, kunguru ndio walikuwa wanavuna!"

Mama Kulthum akatuchapa na kitambaa cha vikombe. "Nyinyi watu! Munamuharibia mutoto wa watu!" Hamdan alikuwa ameinamia simu, macho chini. Nilisikia aibu, wallahi, aibu ya kweli, lakini haikunizuia kuongeza kwamba bata za Gitaza ni wezi.

"Hamdan," madamu akasema, "hao ni nani?"

"Ni wazee wangu, madamu. Nisamehe."

"Usiombe samahani. Watu wa kuongea tunao, wamejaa mpaka kwenye ngazi za shule. Niambie hao wamesema nini, kila mumoja, bila kumuongezea."

Sasa ndiyo tukanyamaza.

"Wa kwanza anasema mwenye bata alipe, maana ni mali yake iliyoharibu. Wa pili anasema mama aliingia mahali pa watu, alijitafutia hasara. Wote wako na sababu, ila hakuna aliyemusikia mwenzake. Na hakuna aliyeuliza kama siku zote jirani alikuwa anamuacha aanike pale. Mimi ningeanzia hapo."

Darwesh na Venanti wakaangaliana. Walikuwa hawajawahi kusikia hoja zao zikifika mwisho.

"Vizuri. Na yule wa tatu, anayesema kweli, kweli? Yeye iko upande gani?"

"Wa mwenye kulipa kahawa, madamu."

Madamu akacheka mpaka haut-parleur ikakwaruza. "Leta diplome yako ya sekondari, uje uandikwe."

Kibanda kikalipuka kwa shangwe. Mimi damu ilipanda. Nikasimama, nikainua kidole, niiambie fakulte nzima ya sheria kwamba mimi ni mutu wa musimamo. Mama Kulthum akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba kahawa ya leo ameshailipa Hamdan.

"Kweli kabisa, madamu," nikasema.