Jina Zuri kwa Mzee Hasanali

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Leo nimeanza kuwa mtu wa kuaminika. Devota alipokwenda sokoni tu, nikaibeba cherehani yake, nikapita uchochoroni hadi dukani kwa Mzee Hasanali. Mzee hukopesha kwa rehani, wala hachukui riba. Kwao ni haramu. Unaweka kitu, unaeleza shida yako, anakupa. Ukirudisha fedha, unarudishiwa kitu chako. Nikamwamkia shikamoo ndefu, nikasema ada ya shule ya mwanangu Daniel. Akanipa mia tano.

Wala sizihitaji! Hapo ndipo penye akili. Nitazilaza kwenye kopo la Kimbo, nizirudishe kabla ya siku yake. Nikope tena, nirudishe tena. Nikishajenga jina, nitamwomba elfu kumi bila rehani yoyote, niende Horohoro, mpakani, nikanunue robota la mitumba. Tangu biashara ilegezwe, kila mjinga wa Ngamiani anauza mitumba isipokuwa mimi. Mimi na Tadeo, jirani yetu, tulipunguzwa kazi siku moja kule kwenye mkonge. Sasa ana redio ya kaseti, na anaifungulia dirishani kwangu makusudi.

Mahali pa cherehani nimeweka debe tupu, nikalifunika kwa kitambaa chake kilekile cha maua. Kwa mbali hujui. Devota hashoni chochote mpaka vitambaa vya kwaya vije.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimerudisha mia tano. Mzee kashangaa. Kasema wanaorudisha mapema wamekuwa haba siku hizi. Nikamjibu kwetu deni halilazwi. (Uongo. Kwetu deni hulazwa, likafunikwa na shuka.) Mkewe, Bi Shamshad, alikuwa anapima dengu, akaniletea chai ya maziwa. Tadeo alikuja kununua betri, hakupewa hata maji.

Cherehani nimeiacha hukohuko. Kuipeleka na kuirudisha kila mara kutanivunja shingo, na mkopo wa pili uko njiani.

Devota kaniambia vitambaa vitafika wiki ijayo. Magauni ya kwaya nzima, kwa ajili ya Krismasi. Malipo yake ndiyo unga wetu mpaka Pasaka, na asipowahi, kazi anapewa fundi mwingine. Alikuwa anaongea huku anaelekea kwenye debe. Nikamwomba maji ya kunywa, akageuka.

Alhamisi, 13 Novemba

Mkopo wa pili. Elfu moja. Fedha kubwa inataka shida kubwa. Ada ya shule ni shida ya kitoto. Kwa hiyo nikamuua Mjomba Noa kwa mdomo. Anachunga ng'ombe Mkwaja, na mvua hizi za vuli barabara ya huko ni tope tupu. Nani ataenda kuuliza?

Mzee aliiweka mizani chini. Akasema inna lillahi. Akatoa fedha upesi, macho yamemlowa. Nikaona aibu, kweli niliona, mpaka nilipofika kona.

Kasoro moja. Tadeo alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia nijikaze. Sikupenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Msiba umekuja nyumbani kwangu!

Tadeo kautangazia mtaa mzima. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wako mkekani, Mwanamkasi wa nyumba ya mbele kapanga mafiga na wenzake. Uweso, balozi wetu, anapitisha kikapu cha rambirambi. Nilisahau kwamba Tanga mtu hafiwi peke yake. Devota akarudi na furushi la vitambaa vya kwaya kichwani, akakuta wanawake wanamlilia shingoni. Nikamnong'oneza: Mjomba Noa. Akalia kwa uchungu. Noa ndiye aliyetutolea mbuzi wa harusi. Nami nikalia, kwa hofu.

Mwanamkasi akamwambia afadhali washone upesi vitambaa vyeusi vya kuvaa mkononi. Devota akafuta machozi, akaenda pembeni kwenye cherehani. Mimi niko mkekani, kati ya wazee, siwezi kuinuka. Nikauona mkono wake ukivuta kile kitambaa cha maua.

Akalifunika debe tena, akawaambia wenzake sindano imevunjika. Kisha akanitazama kupitia vichwa vya watu. Heri angepiga kelele.

Watu walipotawanyika akauliza mambo mawili: cherehani iko wapi, na Noa kafa kweli? Nikamjibu yote mawili. Akasema cherehani isiporudi, yeye na watoto wanakwenda kwa mama yake Lushoto. Nikamtuliza. Elfu ya Mzee iko kwenye kopo, haijaguswa. Kesho nairudisha, yamekwisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Hayajaisha. Nilifika dukani kabla mlango haujafunguliwa. Mzee kazikataa fedha! Kasema yeye hapokei fedha ya mfiwa kabla ya arobaini. Baba yake hakupokea, babu yake hakupokea. Nikamsihi. Kadiri nilivyomsihi ndivyo alivyoniona muungwana. Akasema watu wa aina yangu wamekwisha duniani. Nikamwambia basi anipe cherehani tu. Akasema rehani haitoki kabla ya deni, huo ndio utaratibu, na nisijisumbue na mambo ya dunia wakati huu. Bi Shamshad akanifungia mchele.

Arobaini inaangukia karibu na mkesha wa Krismasi. Cherehani niliiona kwenye rafu nyuma ya Mzee, gurudumu lake linang'aa. Ningenyoosha mkono ningeigusa. Jina zuri nimelipata, na ndilo linalonizuia.

Devota kaupokea mchele, kaupika. Mimi sikupakuliwa.

Jumapili, 16 Novemba

Devota anapanga nguo sandukuni. Ananiuliza tu soksi za Daniel ziko wapi, basi. Hakuna njia ila Mjomba Noa afufuke.

Nikaenda nyumbani kwa Mzee, nyuma ya duka. Nikamwambia habari zilikosewa njiani, aliyekufa Mkwaja si Noa, ni ng'ombe wa Noa. Mzee akasema shemeji yake, Taizoon, ananunua ngozi huko, na ameingia mjini jana jioni. Tope alilivuka kwa miguu. Alilala kwa Noa. Noa alimpa kibuyu cha samli aniletee mimi. Mzee akakiweka mezani mbele yangu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akapokea elfu yake, akanitolea cherehani. Akasema fedha yangu anaiamini, haijapata kuchelewa. Mdomo wangu ndio hana rafu ya kuuweka. Elfu kumi nisizitaje tena mbele yake. Bi Shamshad alipita na chai, akaipeleka chumba cha ndani.

Nyumbani nikamkuta Uweso, keshasikia kwamba Noa yu hai, kaja na watu kudai rambirambi zao. Tadeo alidai yake kwa sauti kuliko wote. Nikazirudisha, na vicheko juu.

Devota akaizungusha cherehani, akaisikiliza, akaipangusa. Nikamwambia sasa mambo shwari. Akasema cherehani yake haitalala tena nyumba moja na mimi. Magauni atayashona Lushoto, kwa mama yake, Benedikta, kisha atayateremsha Tanga yakiwa tayari.

Jumatatu, 17 Novemba

Wameondoka na basi la asubuhi: Devota, watoto, cherehani, furushi. Daniel alinipungia mkono. Devota alitazama mbele. Nimerudi, nimekaa, nimelia. Safari hii hakuna aliyeleta mkeka.

Mchana kutwa nimejihoji, na kosa langu nimeliona. Niliua mtu. Wafu wana arobaini, wagonjwa hawana. Pangani kuna muuza vitambaa aitwaye Murtaza, naye hukopesha kwa rehani, hanijui hata kwa sura. Naanza upya, kidogo kidogo, narudisha mapema. Mama mkwe atakuwa anaumwa mgongo tu.

Rehani ninayo. Kitanda chetu ni cha chuma, cha watu wawili, na tangu leo upande mmoja hauna mtu. Spana nimeazima kwa Tadeo. Naanza kukifungua.