Kitufe Kimoja, Aya Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahati imebisha hodi, na mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Msimamizi wetu wa chumba cha uchapaji amestaafu. Ameaga, amefuta machozi, ameacha kiti chake chenye magurudumu na ufunguo wa kabati la karatasi. Wakili mwenye ofisi akatuita wachapaji wote, akasema Ijumaa atamtaja msimamizi mpya. Anataka mtu atakayeharakisha kazi. Hati zinachelewa, wateja wananuna.

Wachapaji wote! Yaani wawili. Mimi na Bi Nukta. Jina hilo tumempa kwa sababu hajasahau nukta hata moja tangu aajiriwe, miaka kumi na tisa sasa. Anachapa kwa vidole kumi, macho yakiwa dirishani kama mtu anayesubiri mgeni. Mimi natumia viwili. Lakini ni vidole vilivyotembea dunia! Nimefanya kazi katika miji minne, na katika mitatu niliagwa kabla sijaaga. Isitoshe, kompyuta nimeisomea. Kozi ilikuwa ya miezi mitatu. Wiki ya tatu nikaona nimeshaelewa, nikawaachia wenzangu nafasi.

Mchana, nikitafuta namna ya kukuza herufi, nikaangukia kwenye menyu ambayo sijawahi kuiona. Masalale! Humo ndani unakiambia kitufe kazi ya kufanya. Kitufe chochote! Nimeduwaa hadi chai ikapoa. Miaka yote hii nilidhani vitufe huzaliwa na kazi zao, kama pua na masikio. Kumbe ni vibarua. Unavipangia zamu.

Nikafunga haraka. Bi Nukta akauliza kulikoni mdogo wangu, mbona umekodoa macho kama umemeza mfupa. Nikamwambia vumbi tu, dada.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika wa kwanza. Mlinzi alishtuka, akaniuliza kama nyumbani kwema.

Moyo wa ofisi hii ni kiolezo. Kila hati tunayoandika huzaliwa humo: nembo ya Wakili juu, ukingo wa kushoto, namba za aya. Nikakifungua, nikaanza kugawa kazi. F4: aya nzima ya mpangaji kuhama. F5: aya nzima ya mashahidi. F6: salamu za Wakili, zile ndefu zinazochosha. Kitufe kimoja, aya nzima! Nikatunga na menyu yangu mwenyewe, nikaiita MZOEFU. Ikajipanga pale juu pamoja na menyu za wazungu, kifua mbele. Machozi yalinilenga.

Vitufe vya juu vikaisha. Nikatazama nani mwingine hana kazi ya maana. Kontro na S! Ile ya kuhifadhi. Bi Nukta huibonyeza kila baada ya sentensi, kama kuku anywaye maji na kutazama juu. Woga mtupu. Mimi huhifadhi mara moja tu, mwishoni, kwa kipanya, kiungwana. Basi nikaipa kazi ya heshima: kuandika ile sentensi ya kufungia hati za kiapo, “Nayasema haya nikiwa na akili timamu, na yote ni kweli.”

Kisha nikasafisha menyu. Kile kimshale kilichopinda, cha kurudisha kosa lako la mwisho: nje! Anayejua kazi hajuti. Ndugu yake, Kontro na Z, nikampa sentensi ileile ya kiapo, wasaidiane. Nikafuta na vitu vingine vilivyojazana tu pale, majina marefu marefu yasiyo na faida.

Mwishoni kompyuta ikauliza mabadiliko niyaweke wapi: kwenye hati hii, au kwenye kiolezo cha ofisi. Swali gani hilo? Mtu mwenye kiu haulizwi achague kikombe au mtungi. Nikachagua kikubwa.

Mkataba wa pango: dakika nne! Wakili aliushika, akautazama mbele na nyuma kana kwamba nimeuokota njiani. Akasema, ee bwana wewe! Basi tu. Ee bwana wewe.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasema hongera baba, sasa tafuta na kitufe cha kuleta gesi, imeisha tangu jana. Wivu haumwachi mtu.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi amekuja mama mmoja mshonaji, futi ya kupimia ingali shingoni. Chumba chake cha kushonea amekipanga miaka kumi na minane. Mwenye nyumba mpya anataka ahame. Mahakama inataka hati yake ya kiapo Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikikosekana, Jumamosi mlango unafungwa kwa kufuli na vyerehani vyake vitatu vikiwa ndani.

Wakili akatamka mbele yetu sote: atakayeitoa hati hii safi na kwa wakati, kiti ni chake. Kisha akampa Bi Nukta! Mimi nimesimama pale pale! Mwenye dakika nne! Nikakohoa mara tatu, hakugeuka.

Saa nne, yowe. Bi Nukta hajawahi kupiga yowe. Hata siku ile panya alipopita juu ya kibodi, alimngoja apite akaendelea. Tukakimbilia mezani kwake. Akaeleza kwamba ameandika sentensi moja, akahifadhi kama kawaida yake, mashine ikamjibu kuwa ina akili timamu. Akajaribu kurudisha, ikaapa tena. Akarudia, ikaapa mara ya tatu. Wakili akasema toka nione, akabonyeza mwenyewe. Ikaapa mbele yake bila haya.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamwambia dada, mashine ikizeeka huweweseka, usiichukulie moyoni. Nikarudi mezani kwangu nikiendelea kucheka. Nikabonyeza Kontro na S kwa utani.

Ikaapa.

Mama yangu! Kiolezo ni kimoja! Kinakaa kwenye kompyuta kubwa chumbani kwa Wakili, na kila usiku mashine zote hunywea humo. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

Lakini mjanja hulala na jicho moja. Nikawaza, aliyefunga fundo ndiye alijuaye. Nitalifungua kimyakimya, niitwe mwokozi, kiti kije chenyewe. Nikamwambia Wakili aniachie. Nikaketi, nikanyoosha vidole vyote viwili, nikaitafuta ile menyu ya kupangia vitufe kazi.

Haipo! Ilikuwa miongoni mwa yale majina marefu yasiyo na faida. Nimeifuta mwenyewe! Nimejifungia nje na ufunguo nimeuacha ndani. Na cha kurudisha kosa nacho nimekifukuza. Nilikaa pale nikitazama kioo kama ng'ombe anayetazama treni.

Nikamwambia Wakili tatizo ni zito kuliko nilivyodhani. Hilo halikuwa uongo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Nimemweleza Wakili hati ya mshonaji niichape mimi, kwa kuwa mashine yangu inanisikia. Akakubali, atafanyaje? Bi Nukta akanikabidhi karatasi za yule mama moja moja, akasema haya mdogo wangu, ila kumbuka huyu ni mtu, si karatasi. Hapo nusura niseme kweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukatoa neno la ahsante.

Nimechapa kutwa nzima. Mashahidi niliwaleta kwa kitufe kimoja, paap, sikuhitaji hata kutazama. Saa tisa nimemaliza. Kurasa nne! Kesho asubuhi mama anakuja kusoma na kutia sahihi.

Nikaenda kukijaribu kile kiti cha magurudumu. Kiliondoka bila ruhusa, kikanipeleka hadi kabatini. Mguu umevimba. Bi Nukta akaniletea barafu, akasema pole, hicho kiti kina wenyewe. Maneno ya mtu anayeshindwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu na nusu mama mshonaji alifika. Anasoma kama anayekagua mshono: kidole chini ya mstari, pole pole, anarudi nyuma, anaendelea. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Akaniuliza kwa upole, baba, hapa naapa kwamba nitahama ndani ya siku saba bila ubishi?

F4! Nilibonyeza F4 badala ya F5! Badala ya mashahidi wake, nimemwapisha yule mama kujifukuza mwenyewe!

Akakaa kitini taratibu. Akasema kwa miaka kumi na minane ameshona sare za mtaa mzima, na hajawahi kumtobolea mtu shingo penye mkono. Hakupaza sauti. Afadhali angenizaba kofi.

Nikarukia mashine kufuta. Kwa kiwewe vidole vikaenda kwenye Kontro na Z. Ikaapa! Nikabonyeza tena, ikaapa! Kadiri nilivyorekebisha ndivyo alivyozidi kuwa na akili timamu. Nilipoacha, zilikuwa zimeongezeka kurasa mbili. Wakili akahesabu viapo arobaini na kimoja. Akasema hakimu akisoma haya, hataita kesi, ataita daktari. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikamtazama mama. Alikuwa akiviringisha futi yake kidoleni, anaifungua, anaiviringisha tena. Hapo ujanja wangu wote ukayeyuka kama sabuni kwenye maji ya moto. Nikasema ni mimi. Nikasema yote: vitufe, kimshale, menyu, mtungi. Wakili alifungua kinywa, kikabaki wazi. Sijawahi kuona wakili amekosa neno. Inatisha.

Bi Nukta aliinuka. Alifungua kabati, akainama, akatoa kutoka chini kabisa taipureta ya chuma ambayo mimi nilidhani ni pasi kubwa. Akapuliza vumbi. Akakunja mikono ya blauzi. Ta-ta-ta-ta! Mashine isiyo na menyu, isiyo na kimshale, isiyosamehe. Vidole kumi, macho dirishani. Dakika ishirini na nane. Kurasa nne, kosa hakuna. Nilisimama kando nikimpa karatasi, mdomo wangu nao ukiwa wazi kama wa Wakili.

Mama akasoma, kidole kikafika mwisho bila kusimama, akatia sahihi. Tukatoka mbio, yeye na mimi na mguu wangu uliovimba. Tulifika dirisha la mahakama saa sita kasoro dakika kumi na moja. Karani akapiga muhuri. Bamm! Mama akalia. Nikalia nami, kwa sauti kuliko yeye, hadi akaniomba nisogee kidogo, namlowanishia nakala yake.

Kiti amepewa Bi Nukta. Wakili, sauti ilipomrudia, alitaka kuniaga. Ungekuwa mji wa nne. Bi Nukta akakataa katakata. Akasema mtu aliyeungama mbele ya mteja hafukuzwi, wangapi humu wangefanya hivyo? Ila kibodi asiiguse. Nilitaka kumkumbatia. Akaniambia mdogo wangu, kaa huko huko.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja, ameweka kiolezo kipya. MZOEFU amezikwa bila hotuba.

Nimewekwa mapokezi: kukaribisha wageni na kupokea simu. Jumamosi na Jumapili nimetafakari sana kosa langu, na nimeliona. Vitufe vya kibodi ni vidogo mno, vimebanana kama meno ya mtoto. Mtu mwenye mawazo mapana hawezi. Simu ya ofisi ni jambo lingine kabisa. Vitufe vikubwa, kidole kinakaa kwa nafasi.

Saa nne, nikitafuta namna ya kuongeza sauti, nikakuta ndani ya simu kuna menyu. Lahaula! Nayo ina menyu!

Nikaona nimtendee wema mama mshonaji. Nikaingiza namba yake kwenye kitufe cha kwanza, ili habari za kesi zimfikie upesi. Nikakubali kila nilichoulizwa. Tangu hapo simu haijalia hata mara moja. Saa saba mama mwenyewe kaja mbio, kashika kichwa, anauliza kwa nini watu wote wanaomtafuta Wakili wanampata yeye. Nikaduwaa! Nikamuuliza amewajibu nini. Akasema angewajibu nini, amechukua vipimo vyao. Karani wa mahakama ameagiza suruali mbili.

Suruali mbili! Kwa kitufe kimoja!

Bi Nukta amepita sasa hivi, ameuliza mbona mapokezi kumetulia hivi leo. Nimemwambia ni utaratibu mpya, dada.