Refa wa Pande Mbili

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Nimeuza mablanketi matatu kabla ya saa nne. Siku ingekuwa nzuri kama nisingefungua mdomo.

Kijiweni kwa kahawa, hapa hapa Soweto ya Mbeya, walikuwa wanabishania mechi ya jana. Beki aligongwa na mpira mkononi ndani ya boksi, refa akapeta, mchezo ukaendelea. Jailos muuza nyama akasema mkono ni mkono, hata ukiwa mfukoni. Mimi nikasema inategemea: mkono umeufuata mpira, au mpira umeufuata mkono? Hakuna aliyegeuza kichwa. Jailos ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na shoka. Nikarudia. Mtu mmoja akaniomba nisogee, nimemziba.

Ndipo nikasema nilisoma kozi ya urefa Iringa, wiki sita, nikatoka wa pili.

Vichwa vikageuka. Hata Jailos akauliza, kwa adabu kabisa, kwa hiyo sheria inasemaje. Nikaieleza dakika ishirini. Sijafurahi vile tangu nioe.

Ukweli: Iringa nilikaa wiki sita, ndiyo. Nilikuwa nauza mashuka.

Jumanne, 15 Julai

Balaa. Jumamosi ni mechi ya kila mwaka, wafanyabiashara wa Soweto na wakulima wa nyanya wa Ilula. Zawadi ni dume la ng'ombe. Refa wa mwaka jana amegoma kurudi. Mechi ile aliimalizia juu ya lori la nyanya, watu wamelizunguka. Jailos, ambaye ndiye mwenyekiti wa timu yetu, amepiga simu Ilula akanipendekeza. Ilula wamekubali bila hata kujadili. Naishi Soweto, nimeoa Ilula. Kila upande unaamini mimi ni wao.

Mbaya zaidi, mwenyekiti wa kule ni Mzee Selemani, baba yake Bibie, mke wangu. Mwaka wa kumi na moja huu mzee yule ananitazama kama anayekagua tenga la nyanya na kujua kuna iliyooza chini.

Nikamwambia Bibie nimeteuliwa. Akaacha kuchambua mchele. Akauliza kozi hiyo niliisoma lini. Nikasema kabla hatujazoeana. Akarudi kwenye mchele.

Sijala.

Jumatano, 16 Julai

Mpango: goti. Nimelifunga bandeji tangu asubuhi, nachechemea dukani. Mchana Jailos akaja na ini, kilo nzima, akasema ni la refa wetu. Hilo neno "wetu" alilivuta kama mpira wa manati.

Nikamwonyesha goti. Akasikitika kweli. Akataka kunitafutia mtu wa kunikanda. Bibie akapita na ndoo, akasema asubuhi lilikuwa goti la kulia.

Nikatazama. Bandeji ilikuwa kushoto. Nilikuwa nimeivua wakati wa kutawadha adhuhuri, nikairudisha mguu usio wake.

Jailos akacheka, akasema marefa wakubwa wote huwa na wasiwasi kabla ya mechi. Akaniachia ini. Limepikwa. Kila tonge lilinishuka kama ahadi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Veneranda, mtaa wa pili. Anafundisha michezo, anachezesha mechi za shule, ana cheti cha kweli ukutani. Nikamwambia nina binamu anayetaka kujua sheria zote za mpira kabla ya Jumamosi.

Hakucheka. Akamwaga maharage kwenye sinia: ishirini na mawili, na punje moja ya hindi. Hindi ndiyo refa. Akasema si kila anayeanguka amechezewa faulo. Tazama mguu umeufikia mpira au umemfikia mtu. Tazama nguvu iliyotumika. Kama hukuona, usipulize. Kuotea alinieleza mara nne. Mara ya nne nikaitikia kwa kumwonea huruma tu.

Halafu akayakusanya maharage yake taratibu.

"Mwambie binamu yako aseme ukweli," alisema. "Jumamosi sina kazi. Nitakwenda kuchezesha mimi."

Pale pale ningeweza kupona. Nililiona kabisa. Kisha nikamwona Jailos akisimulia kijiweni, huku anapasua mfupa. Nikaomba kuazima filimbi.

Akanipa. Na kadi mbili. Akaniuliza kama binamu anajua ipi inaanza. Nikasema atajua.

Ijumaa, 18 Julai

Tumetoka Mbeya alfajiri, basi zima la Coaster. Sala ya Ijumaa tukaiwahi Iringa mjini. Niliomba mvua. Julai.

Bibie amekuja, anasema amemkumbuka baba yake. Amekaa na Mwalimu Veneranda! Nilipouliza, akasema Mwalimu hajawahi kuiona Ilula. Kitu gani cha kuona Ilula? Nyanya ziko kila mahali. Amekuja kunitazama nikiumbuka, basi. Njia nzima nimejifanya nimelala.

Jioni tulifikia kwa Mzee Selemani. Kuku amechinjwa. Paja nikapewa mimi. Miaka yote napewa shingo. Mzee hakusema lolote kuhusu mechi mpaka tuliponawa.

"Kesho, mwanangu, usiniaibishe."

Nimelala na hilo. Usiniaibishe, maana yake chezesha haki? Au maana yake lile dume lisipande Coaster? Nimemwamsha Bibie kumuuliza. Akasema baba yake husema anachomaanisha. Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Mpango wa mwisho: sare. Bila bila. Nitakaa mbali na mpira, nitapuliza kidogo sana, ng'ombe atagawanywa, wote watanipenda.

Jumamosi, 19 Julai



Kipindi cha kwanza mpango ulifanya kazi. Nilipuliza mara mbili tu, na mara zote mbili mchezaji alikuwa ameshalala na ameshaletewa maji. Kuotea nilimwachia mshika kibendera. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Bila bila. Jailos alinionyesha dole gumba kutoka upande mmoja. Mzee Selemani, upande wa pili, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki bila kutikisika.

Dakika ya themanini. Ezron, kinyozi wetu, akachomoka na mpira. Kipa wa Ilula akatoka golini kumkabili. Mimi wakati huo nilikuwa nimegeuka kuangalia mkwe wangu amekaaje. Nikasikia kishindo. Nilipogeuka, vumbi. Ezron yuko chini ameshika kifundo cha mguu, kipa amenyoosha mikono juu, mpira umetoka nje pembeni ya goli. Soweto wanataka penati. Ilula wanasema amejiangusha.

Kama hukuona, usipulize. Nilimsikia Mwalimu kabisa kichwani.

Nikapuliza.

Watu wote uwanjani wakasimama kunisubiri. Ilibidi nionyeshe mahali. Penati, wananiua wakwe. Nisipotoa, sirudi Mbeya. Nikanyoosha mkono katikati ya uwanja, kwa sababu ndiko pekee kulikokuwa hakuna mtu.

Sikujua kwamba refa akionyesha katikati amekubali goli.

Soweto wakakumbatiana. Ezron akaamka akakimbia na kifundo chake. Goli, na mpira haukugusa hata nyavu! Ilula wakaja kwangu wote, na mtu mmoja amebeba jembe, sijui alilitoa wapi. Nikatoa kadi. Ilikuwa nyekundu. Nikairudisha. Jailos naye alikuwa ameshaingia uwanjani, anawaambia wamheshimu refa msomi.

Mzee Selemani akainuka kwenye kiti. Akatembea taratibu, watu wakampisha. Akasimama mbele yangu. Nilitafuta lori la nyanya kwa jicho. Hapakuwa na lori.

"Shamsudin, uliona?"

Nilikuwa na majibu matatu. Jua lilinipiga usoni. Yule mzee hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anauliza tu.

"Sikuona, baba."

"Na kozi?"

"Sikusoma. Nilikuwa nauza mashuka."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Jailos alinitazama mdomo wazi, kisha akaangalia chini, kama yeye ndiye aliyekosa. Mzee akanyoosha kiganja, nikaweka filimbi. Akaipeleka pembeni kwa Mwalimu Veneranda. Mwalimu alikuwa ameshavaa raba, kamba zimefungwa. Bibie ameshika mkoba wa Mwalimu.

Mke wangu. Kumbe alijua tangu kwenye ule mchele.

Mwalimu akasema alikuwa amesimama sambamba na tukio, kipa hakumgusa Ezron. Goli hakuna, penati hakuna. Ezron kadi ya njano kwa kujiangusha, mpira uanze kwa kipa. Alisema mara moja, kwa sauti ya darasani. Wanaume ishirini na wawili wakarudi kwenye nafasi zao.

Dakika tatu kabla ya mwisho Ilula wakafunga kwa kona. Moja bila. Dume ni lao. Mzee Selemani alichinja, Jailos akaombwa kuchuna kwa kuwa ndiye fundi. Alichuna bila kuniangalia.

Wakati wa kula nilikaa nyuma ya jiko. Mzee akanifuata huko na sahani, akaniwekea mnofu.

"Leo nimekusikia ukisema kweli," alisema. "Una sauti nzuri ukisema kweli."



Jumapili, 20 Julai

Tumerudi. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa na matenga. Kwa saa saba nzima za safari, hakuna aliyenisemesha. Bibie alikuja nusu ya safari, akakaa pembeni yangu juu ya tenga, akanimenyea chungwa. Nikamwahidi kwamba maisha yangu yote yaliyobaki sitasema tena jambo nisilolijua. Akasema niandike.

Nimeandika.

Jumatano, 23 Julai

Nimerudi kijiweni kwa mara ya kwanza. Nilipita mara mbili kama ninayekwenda kwingine. Mara ya tatu Jailos akaniita, akaninunulia kahawa. Ana moyo, yule bwana. Nilikaa mwisho wa benchi.

Mada ilikuwa mguu wa Ezron. Umevimba kweli. Jailos akasema kama umevimba basi aliguswa, na kama aliguswa ilikuwa penati. Mwingine akasema alivimba kwa kukimbia kushangilia. Ezron akauweka mguu juu ya benchi watu waukague. Kila mmoja ana lake. Wanaubonyeza hovyo. Nikavumilia kikombe cha kwanza. Nikavumilia cha pili. Nikasema kwa upole tu kwamba uvimbe wa kuguswa huanzia nje na wa kuteguka huanzia ndani. Hakuna aliyegeuka.

Nikasema nilifanya kazi miaka miwili wodi ya mifupa, hospitali moja huko Iringa.

Vichwa vikageuka. Ezron akavua soksi.

Jailos anamleta mama yake kesho saa tatu asubuhi, nyonga inamsumbua tangu masika. Nimemwambia aje na eksirei, nitamsomea. Nadhani ukiielekeza juani mifupa inajionyesha yenyewe.