Daraja Bovu Kuliko la Edgar

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimechaguliwa katibu wa Kamati ya Daraja. Nimepita bila kupingwa. Ni kweli nilikuwa nimetoka kujisaidia wakati wa uchaguzi, lakini kura ni kura.

Kazi yenyewe: kuomba ruzuku ya serikali ya kusanifu na kukarabati daraja letu la kijito cha Kamlenga. Kila kata inapeleka daraja moja tu. Letu ni magogo manne yaliyochoka, mbao juu yake, na tundu katikati la kutosha mguu wa mtu mzima. Nimepima kwa mguu wangu. Upande huu kuna zahanati na barabara ya Mpanda. Upande ule kuna mashamba, kaya sitini, na binti yangu Recho, aliyeolewa huko. Ana mimba ya kwanza. Siku zake ni katikati ya Machi, maji yakiwa yamejaa.

Mwaka jana tulimvusha Pelagia wa upande ule, mwenye uchungu wa kuzaa, amelala juu ya mlango, wanaume wanne, maji kifuani. Kwangu mimi yalikuwa shingoni. Mlango ukainama upande wangu, na Pelagia akapiga kelele akiniita jina mpaka ng'ambo. Sitaki Recho apite hivyo. Hapo sina mzaha.

Mke wangu Theopista ameuliza, hata wakikubali leo, serikali itajengaje daraja kwa wiki tano? Nikamwambia mama Recho, usinivunje moyo mapema.

Fomu ina kurasa kumi na moja. Nimejaza jina. Limekaa vizuri sana.

Jumanne, 4 Februari

Nimepeleka fomu ofisi ya kata. Nimemkuta Edgar.

Edgar ni katibu wa daraja la kijiji jirani. Karani mstaafu. Ana kompyuta mpakato, ana mhuri, ana faili lenye jalada la plastiki. Mimi fomu yangu niliifunga kwenye gazeti, na gazeti lilikuwa limebeba dagaa.

Akaifungua kwa vidole viwili. Ukurasa wa tisa unauliza kuhusu mchango wa nguvu za wananchi. Mimi nimeandika: "Upo." Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema Lyamba ndugu yangu, nyie daraja lenu ni zima kabisa, lina tundu moja tu, la kwangu lina matundu manne.

Mtendaji wa kata, Bi Gaudensia, akasema mhandisi atakuja Jumamosi kuyaona yote mawili, na uhitaji utaangaliwa.

Nimerudi njia nzima nawaza. Uhitaji. Maana yake lililo bovu zaidi ndilo linashinda. Na mimi daraja langu ni bovu kidogo. Aibu iliyoje.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeamka alfajiri na nyundo. Nimeng'oa mbao saba. Nimezificha nyuma ya jiko, chini ya majani ya kuezekea. Nikarudi kung'oa ya nane.

Ya nane nilikuwa nimesimama juu yake.

Maji ya Kamlenga asubuhi ni ya baridi sana. Nilipoibuka nikamwona Nyanzala amesimama ukingoni na ng'ombe wake, ameegemea fimbo, ananitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Akauliza, mzee Lyamba, unaoga na nguo? Nikamjibu napima kina. Akauliza, na nyundo? Nikasema ni ya kupimia. Akasema kwao Usukumani kina hupimwa kwa fimbo, lakini kila mtu na elimu yake.

Nimepiga picha sita kwa simu. Daraja linatisha. Hata mimi nisingevuka. Nilikuwa upande ule, ikabidi nivuke kwa kutambaa.

Jioni nimemwambia Theopista kwamba Jumamosi mgeni wa serikali anakuja darajani. Akajifunga kitenge vizuri akaenda kwa wenzake wa kikundi. Nilidhani ni mambo ya kwaya.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya huzuni.

Nilikwenda Mpanda mjini kutoa picha steshenari. Za rangi. Foleni ndefu, umeme ukakatika mara mbili. Nimerudi kwa bodaboda saa kumi na mbili jioni, bahasha kifuani, nikiimba.

Nikafika darajani, wimbo ukanikwama.

Mawe pande zote mbili yamepakwa chokaa. Njia imefagiliwa. Maua yamefungwa kwenye nguzo. Magogo mawili mapya yamelazwa, yamevutwa na maksai wa Nyanzala. Kuna kingo za mianzi, za kushikilia. Na mbao zote zipo. Zote. Zimepigiliwa misumari mipya, nzuri kuliko zilivyowahi kuwa tangu tupate uhuru.

Nilisahau mahali ninapoishi. Hapa ukisema mgeni wa serikali anakuja, hakuna anayeuliza anakuja kuona nini. Watu wanachukua chokaa. Mwaka ule alipokuja mkaguzi wa vyoo, walipaka chokaa mpaka kuku mmoja aliyekuwa amelala karibu.

Theopista alikuwa bado na nyundo mkononi. Akasema mbele ya wanawake wote: ahsante baba Recho, tulihangaika mbao tutatoa wapi, kumbe ulishazinunua ukazificha nyuma ya jiko utushtukize. Wakanipigia vigelegele.

Nikainama kuwashukuru. Ningefanya nini?

Nyanzala hakupiga vigelegele. Aliniuliza tu kama kina kimeongezeka.

Jumamosi, 8 Februari

Mhandisi anaitwa Restituta. Kijana, buti za mpira, maneno machache. Akapita darajani. Akarukaruka katikati. Halikutikisika. Moyo wangu ndio ulitikisika.

Nikampa bahasha, kwa sababu nilikuwa nimeishika na mikono haikujua pa kuipeleka. Akaangalia picha. Akaangalia daraja. Akaniuliza picha ni za lini. Nikasema Alhamisi. Akauliza leo ni lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza, basi aliyefanya haya yote kwa siku moja ni nani?

Nilikuwa nafikiria nani atanilishia mbuzi nikiwa gerezani. Theopista akajibu yeye. Akasema sisi, wanawake kumi na tisa, na maksai wa huyu Nyanzala, na mbao za mume wangu. Mhandisi akanigeukia. Nikatazama maua.

Akafungua ukurasa wa tisa. Akalisoma lile "Upo" langu kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe linavyohitaji. Akalikata. Akaandika yeye mwenyewe, mistari kumi na minne. Nilihesabu.

Kisha akashuka chini ya daraja na kisu, akachoma nguzo za zamani. Kisu kikaingia kama kwenye ugali. Akasema juu mmefanya kazi nzuri, watu watapita salama masika haya, lakini trekta hapana, na miaka miwili hapana. Hapa panahitaji usanifu wa daraja jipya, na ndicho atakachoandika.

Nikauliza kwa upole kuhusu la Edgar. Akasema hajaliona. Gari lake lilizuiwa njiani, akaambiwa lina mbao tatu tu zilizobaki, na katibu wake yuko ng'ambo tangu jana, hawezi kurudi.

Maskini Edgar. Mtu mzima vile, kung'oa mbao za umma.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua usiku kucha, Kamlenga kimejaa mpaka ukingo. Saa mbili asubuhi Recho amevuka kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye mianzi, mwingine kwa mama yake. Mimi mbele, natembea kinyumenyume niwaongoze. Theopista akasema baba Recho, geuka utaanguka. Nikageuka. Nikaanguka, lakini upande wa matope.

Saa sita mchana, mtoto wa kike. Wote wazima. Nimelia kidogo. Nimewaambia ni mafua.

Jumatano, 19 Machi

Barua. Ruzuku ya usanifu imekubaliwa! Kata imelipeleka daraja letu. Nimeisoma kwa sauti mbele ya duka, mara tatu, mara ya pili Edgar akiwepo. Amenipa mkono. Mhandisi ameongeza kwa kalamu: kamati ichore alama kwenye mti ulio karibu, maji yanapofika juu kabisa masika haya, ili wajue daraja liinuliwe kiasi gani.

Daraja jipya. La zege. Mjukuu wangu atapita hapo na baiskeli, na atauliza nani aliyeandika barua.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechora alama. Maji yalifika magotini kwenye mkuyu ulio kando ya daraja. Lakini nikawaza: alama ya magotini, daraja la magotini. Nikachukua ngazi. Nikapanda mpaka ngazi ikaisha, kisha matawi mawili zaidi. Nimechora kwa rangi nyekundu. Kima mmoja alihama kunipisha.

Theopista alikuja akasimama chini ya mti, akatazama alama, akatazama nyumba yetu, akatazama tena alama. Akasema kama maji yalifika huko, basi nyumba yetu ilizama mpaka paa, na mimi na wewe ni marehemu.

Ni hoja. Nimeitafakari mchana kutwa. Maana kama nyumba ilizama, sisi ni waathirika wa mafuriko, na waathirika lazima wana fungu lao mahali fulani. Kesho naenda Mpanda kuuliza fomu. Wakija kukagua, nyumba isiwe nzima kupita kiasi. Nimeng'oa bati moja tu, la kuanzia.

Ni lile la juu ya kitanda. Mama Recho bado hajaingia chumbani, na kule upande wa Kasokola naona wingu la mvua limekaa vizuri sana.