Karani wa Kumwandikia Mwongeli

Jumatatu, 3 Machi

Tangu Mwongeli apate kazi Syokimau, Machakos imepoa kama chai ya jana. Kazini kwake simu hufungiwa kabatini hadi jioni, kwa hiyo huniandikia barua pepe wakati wa chakula cha mchana. Kila siku! Mimi humjibu baada ya siku tatu. Si kwamba simpendi. Nampenda mpaka nakosa usingizi. Maneno ndiyo hayanipendi.

Leo Mungu amenikumbuka. Bosi ameweka programu ya akili mnemba kwenye kompyuta ya duka letu la matangi ya maji. Inasoma barua za wateja na kuandaa majibu. Kazi yangu ni kubonyeza "tuma" tu. Nimeipa jina Karani, na bosi alipotoka nikaiunganisha na barua pepe yangu mwenyewe. Kahiga, tunayeshiriki naye meza, akauliza kama mashine inajua mapenzi. Nikamwambia nitaifundisha mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Mpuuzi.

Jumanne, 4 Machi

Jibu la kwanza la Karani: "Mpenzi Mwongeli, asante kwa kuwasiliana nasi. Tumepokea upendo wako na tunaushughulikia." Nilibonyeza kabla ya kusoma! Nikaketi nikisubiri kuachwa. Mwongeli akajibu kwamba amecheka hadi wenzake wakageuka, na kwamba hakujua mimi ni mcheshi hivyo. Mimi pia sikujua.

Kahiga humwandikia mpenzi wake Wanja yeye mwenyewe, kwa vidole viwili, na kila mstari una kosa. Nilimwonea huruma. Saa saba Wanja akaja na githeri ya moto ndani ya hotipoti. Mimi nilikula mandazi.

Jumatano, 5 Machi

Karani ameiva! Nimemlisha barua zote za Mwongeli na zangu chache. Leo ameandika kuhusu mwezi juu ya vilima vya Iveti. Mwongeli akauliza tangu lini natazama mwezi. Swali zuri. Nilimwonea Karani wivu kidogo.

Kubonyeza kumenichosha. Nimemruhusu atume mwenyewe, bila kuniuliza.

Jioni nilienda hadi Kyumbi, nikasimama kando ya barabara nikitazama magari ya kwenda Syokimau. Si mbali. Ningefika kabla giza halijaingia. Lakini nikifika, niseme nini? Karani habebeki. Nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha! Leo ndiyo nimefungua barua. Jana Mwongeli aliandika kwamba kuna mtu anaitwa Ndunda, ana malori ya mawe Mlolongo. Watu wake wanaenda Mwala kwa kina Mwongeli kesho na mbuzi wa ntheo. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, Mkamba yeyote anajua msichana huyo ni mke wa mtu. Baba yake hajakataa. Akamalizia hivi: "Musili, nangoja neno lako. Ukisema nisikubali, sikubali."

Karani alimjibu dakika hiyohiyo: "Asante kwa taarifa. Tunawapongeza na kuwatakia kila la heri. Iwapo mbuzi watahitaji maji, tuna matangi ya lita elfu moja hadi elfu kumi."

Mwongeli akaandika: "Haya. Nimesikia."

Hayo tu. Nimeyasoma mpaka macho yakauma. Nikapiga simu, imefungiwa. Kahiga akaniambia nipande bodaboda niende Mwala sasa hivi, nimngoje langoni. Nikamwambia tulia, mambo hayaendeshwi hivyo, kwanza niandae maneno mazuri. Nikamwagiza Karani aandike msamaha. Akauliza kosa ni la idara gani.

Jumamosi, 8 Machi

Nilienda Mwala na msamaha umechapishwa, kurasa mbili, mfukoni. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilipofika, mbuzi walikuwa tayari wamefungwa nje ya boma, ila wazee walikuwa bado wanaamkuana. Nikamtuma mtoto amwite. Mwongeli akaja langoni amevaa kitenge cha buluu. Amekonda kidogo. Amependeza kuliko hata nilivyokuwa nikimkumbuka.

Nikatoa karatasi.

"Weka hiyo karatasi, Musili," akasema. "Mimi niko hapa. Sema na mdomo yako."

Nikaiweka. Nikafungua mdomo. Mbuzi mmoja akalia, wa pili akamjibu. Nikamuuliza habari ya kazi.

Alingoja. Niliona kabisa kwamba anangoja. Kisha akasema ni nzuri, mama yake akamwita, akaingia ndani.

Nakupenda, usikubali. Ni hayo tu yaliyotakiwa! Hata bango letu la matangi lina maneno mengi kuliko hayo. Nikasimama pale hadi mbuzi wakafunguliwa na kuingizwa zizini.

Jumatatu, 10 Machi

Kahiga amelipia chai bila kusimanga. Ajabu. Amesema angalau sasa nimepata funzo. Nikakubali kwa kichwa. Saa saba ilipofika moyo ukanipasuka, maana ndiyo saa yake ya kuniandikia.

Ndipo wazo likanijia! Nimefungua anwani mpya kwa jina la Mwongeli na kumweka Karani wa pili. Nikampa barua zake zote, nikamwambia aandike kama yeye. Dakika moja haikuisha: "Musili, umekula?"

Nililia, sitaficha. Nilitaka kujibu, nikakosa la kusema, nikamwachia Karani wangu. Tangu hapo wanaandikiana bila kupumzika. Wangu amemwambia asikubali mbuzi wa Ndunda. Wake amejibu kwamba hilo tu ndilo alilokuwa akingoja.

Kahiga ameuliza mbona natabasamu. Nimemwambia tumerudiana.