Nazi Juu ya Ajji

Jumatatu, 22 Septemba

Tumekwisha! Ghala wamepandisha bei. Ghala ndiyo tovuti inayotutunzia msimbo wa programu zetu zote, na kuanzia Oktoba mosi kila jaribio la kukagua makosa, linalojiendesha lenyewe kule, litalipiwa. Ofisi iliwaka moto. Girija, mtengeneza programu mwenzetu, aliapa kuhama leo hii hii. Mwingine aliandika waraka mrefu mtandaoni wa kuwalaani, kisha akalipia mwaka mzima, asije akapandishiwa tena.

Mimi nikajificha nyuma ya skrini. Majaribio yote niliyaweka mimi. Yanajiendesha kila mtu anapohifadhi chochote, hata akisogeza nukta. Bosi wetu, Bi Hemalatha, alisema kwa upole kwamba gharama zisiposhuka, meza moja itabaki tupu baada ya sikukuu. Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Hapa Bengaluru mtengeneza programu wa umri wangu huhesabiwa pamoja na viti. Idli zangu, vile vitumbua vya mchele vya mvuke, nimezirudisha nyumbani.

Jumatano, 24 Septemba

Prajwal huyo! Kijana wa meza ya jirani, ndevu zimechongwa kama ua la bustanini. Kaandika kwenye grupu: “Jamani, majaribio ya Mzee Nagabhushan yana safari nyingi kuliko mabasi ya stendi kuu ya Majestic.” Wamecheka. Bosi kaweka kidole gumba. Kidole gumba! Siku hizi nikitoka msalani nachungulia kwanza kama kiti changu kipo.

Lakini nina mpango. Chini ya ngazi kuna kompyuta kuukuu, haina mwenyewe. Nimeipa jina Ajji, yaani bibi. Itakuwa ghala letu wenyewe, bure kabisa! Nimehamishia kila kitu. Majaribio nimeyaweka kwa Ajji peke yake, Prajwal asiyaguse. Ajji anavuma kama mashine ya kusaga, ila anakwenda.

Prajwal aliuliza nakala ya akiba iko wapi. Nikamwambia aache woga. 

Jumanne, 30 Septemba

Bosi aliuliza kama nina hakika. Nikasema mia kwa mia. Nikafunga akaunti ya Ghala kwa mkono wangu mwenyewe. Tovuti iliniuliza kama kweli nataka kufuta kila kitu. Ikaniuliza tena. Ina wasiwasi kama mke wangu. Nilibonyeza nimefumba macho.

Jumatano, 1 Oktoba

Ayudha Puja. Siku ya kuviombea vyombo vya kazi. Migomba mlangoni, bisi za mchele mezani, limau chini ya magurudumu ya pikipiki ya bosi. Kompyuta zote zimezimwa, zimefutwa vumbi, zimepakwa msandali na unga mwekundu, zimevishwa makoja ya maua. Leo chombo kinapumzika. Hakiguswi.

Ajji sikumzima. Ningemzimaje? Bibi wa umri ule akilala, nani atamwamsha? Prajwal alinong’ona, “Mzee, kila chombo kimelala, chako kinakoroma.” Nikamwambia aangalie ndevu zake.

Ila hofu ikanipanda. Kila tulicho nacho kimo ndani ya Ajji. Kupakwa unga tu kungetosha? Nikaomba nazi yake peke yake, maana hapa nazi hupasuliwa kuomba baraka. Nikaipasulia kwenye kipandio cha ngazi kilicho juu yake, kwa imani na kwa nguvu zote. Ikapasuka vizuri sana. Maji yote yakaingia matunduni mwa Ajji.

Tap! Harufu ya nyaya na halua. Kisha kimya. Ajji havumi tena.

Nilimvisha koja la pili kuficha moshi. Bosi alipita akasema amependeza.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sikukuu bado, ofisi imefungwa. Hakuna wa kumuuliza bila kujitangaza. Laptopu yangu iko nyumbani, juu ya meza ya ibada, ina koja shingoni, na mke wangu Shantala kakaa mbele yake kama askari wa benki, isiguswe mpaka sikukuu iishe. Nilinyoosha kidole kimoja. Akauliza, “Baba Chinmayi, unakwenda wapi na hicho kidole?” Nikasema nafukuza nzi.

Nimeanza kuhesabu jamaa wenye maduka. Shemeji ana duka la vyombo vya chuma cha pua. Naweza kuuza sahani? Hata sahani naogopa nitaziangusha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimekiri kwa wenzangu kwamba Ajji kafa. Prajwal alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema kila mmoja wetu ana nakala kamili ya msimbo kwenye laptopu yake, ndivyo kazi hii inavyofanywa. “Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha!” Kweli. Nilimfundisha. Hofu ilikuwa imekalia kumbukumbu.

Kabla kahawa haijapoa msimbo ulikuwa umerudi Ghala, akaunti mpya. Kilichokosekana ni majaribio yangu tu. Prajwal alisema yanaweza kufufuliwa kutoka kwenye matoleo ya zamani. Alingoja. Hakuna aliyeomba.

Kisha bosi akaniita chumbani kwake. Nilibeba kabisa kikombe changu, nisirudi kukichukua. Akasema bila yale majaribio Ghala hawatudai kitu cha maana, na kwamba ameupenda ubunifu wangu. Meza yangu inabaki. Niliondoka kinyumenyume, nikiinama, kikombe kifuani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Lakini nimefikiri. Ghala wakipandisha tena je? Na programu ikivunjika, bila majaribio, watamtazama nani? 

Nimeshuka Barabara ya SP, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikapata kompyuta nyingine, kuukuu lakini yenye heshima. Muuzaji alisema haijawahi kumwangusha mtu. Nitaiweka chini ya ngazi pale pale, kimya kimya, na safari hii sitarudia uzembe ule.

Nazi moja ilikuwa ubahili. Nimenunua mbili.